Si Ulipiga Jana?

Keateka wa ploti yetu hanielewi. Usiku wa tatu nilipomwomba ufunguo wa mlango wa paa, aliitazama stendi ya kamera begani mwangu, akanitazama mimi, akauliza, "Kijana, kwani unaendea nini huko juu? Si ulipiga jana?"

"Nilipiga, mzee."

"Na juzi?"

"Na juzi pia."

"Vitu tofauti?"

"Kitu kile kile."

Alinipa ufunguo, lakini kwa uso wa mtu anayemwonea mwenzake huruma. Nilipanda ngazi nikicheka. Nilipofika juu, katikati ya matangi ya maji na kamba za nguo, nikaanza kulifikiria lile swali lake na kicheko kikaniisha. Lilikuwa swali zuri kuliko maswali mengi ninayosoma kwenye maandishi ya wahakiki wa picha. Kama kitu hakijabadilika tangu jana, picha ya leo ni ya nini?

Kitu chenyewe ni Nebula ya Orioni, wingu la gesi na vumbi ambamo nyota mpya zinazaliwa, umbali wa takriban miaka-nuru 1,300 kutoka hapa. Januari na Februari, mvua za vuli zikishaisha na za masika hazijafika, wingu hilo hupita karibu na utosi wa Nairobi mapema usiku. Vifaa vyangu si vya kujivunia: kamera ya mtumba, lenzi ya milimita 200, na stendi ya miguu mitatu ambayo haijui kufuata nyota. Kwa kuwa dunia inazunguka, nikiacha lenzi wazi zaidi ya sekunde moja na nusu hivi, nyota zinaanza kuvutika kama uzi. Kwa hivyo nilipiga picha za sekunde moja na nusu, moja baada ya nyingine, 600 kwa usiku, kwa usiku tisa. Hizo ni picha 5,400, na ukijumlisha mwanga wake wote unapata saa mbili na dakika 15. Halafu nikazipandanisha kwenye kompyuta hadi zikawa picha moja.

Ukiniuliza picha hiyo niliipiga lini, itabidi nikae chini kwanza.

Sisi tumelelewa na picha zenye saa. Mkenya akisikia jina la Mohamed Amin, anakumbuka njaa ya Ethiopia ya 1984, na kinachoipa kazi ile nguvu ni kwamba mtu huyo alikuwa pale, wakati ule, na kamera yake ikiwa imewaka. Mfaransa Henri Cartier-Bresson aliifanya imani hiyo kuwa kama dini kwa kitabu chake cha 1952, ambacho kwa Kiingereza kilipewa jina The Decisive Moment. Kuna nukta moja, na mpiga picha stadi ni yule anayeidaka kabla haijapita. Na tuliokuwa mjini Juni 2024 hatuhitaji Mfaransa kutufundisha uzito wa picha ya sekunde moja. Tulijua mtaa gani, saa ngapi, nani alikuwa amesimama wapi. Picha ilikuwa shahidi kwa sababu ilikuwa na lini.

Sasa mwaka mmoja kabla ya hapo, 2023, shindano kubwa la picha za anga linaloandaliwa na Royal Observatory Greenwich, Uingereza, lilitoa tuzo yake ya juu kabisa kwa picha ambayo haina lini. Inaitwa Andromeda, Unexpected. Waliotunukiwa ni watu watatu: Wafaransa Yann Sainty na Xavier Strottner, na Mjerumani Marcel Drechsler. Hawakuwa na darubini ya angani wala mlima wa serikali. Sainty alitumia darubini yenye lenzi ya milimita 106, kitu ambacho ungeweza kukibeba kwenye boda ukishikilia vizuri. Alichokuwa nacho kwa wingi ni usiku. Kati ya Agosti na Novemba 2022 alirudi kwenye kitu kile kile kwa zaidi ya usiku 20, akakusanya zaidi ya saa 100 za mwanga.

Kitu hicho ni galaksi ya Andromeda, na hapo ndipo utamu ulipo. Andromeda si siri. Karibu mwaka 964, Abd al-Rahman al-Sufi, mwanafalaki Mwajemi aliyefanya kazi Isfahan, aliiandika kama wingu dogo. Leo huenda ndiyo galaksi iliyopigwa picha mara nyingi zaidi kupita nyingine yoyote. Kila mtu anayenunua darubini yake ya kwanza anaielekeza huko. Iko umbali wa miaka-nuru milioni 2.5, lakini ni kubwa kiasi kwamba, macho yetu yangekuwa na nguvu ya kuiona yote, ingechukua nafasi ya miezi mipevu sita iliyopangwa sambamba. Ni kama kupiga picha Mlima Kenya ukitarajia kupata mlima mwingine nyuma yake.

Nao wakaupata. Ukiitazama picha yao, unaona kwanza ile Andromeda tunayoijua: kiini cha rangi ya dhahabu, mikono ya samawati inayokizunguka, vumbi jeusi, madoa mekundu-waridi pale nyota zinapozaliwa. Halafu jicho lako linakwenda pembeni na kukuta kitu ambacho hakimo kwenye picha nyingine ulizowahi kuona. Ni tao la samawati, refu na jembamba, kama moshi wa sigara uliokataa kutawanyika. Angani lina urefu wa karibu miezi mipevu mitatu. Limekuwa pale muda wote huo, juu ya vichwa vya watu wote hao wenye darubini. Wanasayansi bado wanajadiliana kama liko kule Andromeda kwenyewe au liko hapa karibu, ndani ya galaksi yetu, na limeangukia tu kwenye mstari mmoja na Andromeda.

Kwa nini halikuonekana? Kwanza, linang'aa kwa mwanga wa oksijeni, na wengi walikuwa hawajafunga kwenye kamera zao kichujio chembamba cha oksijeni kwa saa nyingi wakiwa wameielekeza Andromeda. Pili, ni hafifu kupita kiasi. Kwenye picha moja halipo. Kwenye usiku mmoja karibu halipo.

Hapa nieleze kidogo, kwa sababu bila hesabu hii hatuwezi kuihukumu kazi yenyewe. Fikiria uko ndani ya nganya, muziki umewekwa hadi vioo vinatetemeka, na rafiki yako anajaribu kukuambia jina la steji mtakayoshukia. Mara ya kwanza unasikia upepo tu. Akirudia unapata silabi moja. Akirudia tena unapata ya pili. Jina ni lile lile kila mara, lakini kelele haijirudii vile vile, ngoma iliyoifunika silabi ya kwanza mara hii itaifunika ya mwisho mara ijayo. Picha za usiku ziko hivyo. Mwanga wa tao unaangukia pale pale kila usiku. Zile chengachenga za kamera na za anga la mji zinaruka ovyo. Ukijumlisha picha, mwanga unaongezeka kwa kadiri ya idadi, ilhali chengachenga zinaongezeka kwa kipeuo cha pili cha idadi hiyo tu. Picha 4 zinakupa usafi mara 2. Picha 100 zinakupa mara 10.

Hesabu hii ina ukatili wake. Mimi niliyepiga kwa usiku tisa nikitaka picha iliyo safi maradufu, sihitaji usiku mwingine tisa. Nahitaji kufikisha 36. Kila hatua mbele inakuwa ghali kuliko ile ya kabla yake. Ndiyo maana saa zaidi ya 100 za Sainty si majigambo ya namba. Ni bei halisi ya kile tao, na hakuna punguzo.

Kuna malalamiko ambayo kila mtu anayatoa akionyeshwa picha kama hii, na mwenzangu mmoja aliyatoa kwa kifupi: "Hiyo imepikwa." Rangi, anasema, zimetiwa. Nikamjibu kwamba rangi haikubuniwa hewani. Oksijeni iliyopoteza elektroni mbili hutoa mwanga wa takriban nanomita 500.7, na huo uko pale kijani kinapokutana na samawati. Kilichofanywa ni jambo jingine, nalo linastahili kusemwa wazi: nguvu ya mwanga huo imepandishwa sana ili uonekane kando ya galaksi ambayo ni angavu kuupita kwa mbali. Kama mizani ingeachwa ilivyo, tusingeona tao lolote. Kwa hivyo ndiyo, imepikwa. Lakini hata unga hauliwi mbichi. Swali langu kwa mpishi si kama aliwasha moto, ni kama kilichomo sufuriani kilitoka shambani.

Lalamiko langu mimi ni tofauti, na ndilo lililonifanya niandike.

Ili ulielewe, turudi nyuma miaka 99 kabla ya picha ya Sainty, kwenye kitu hicho hicho. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Oktoba 1923, Edwin Hubble alikuwa Mount Wilson, California, kwenye darubini yenye kioo cha inchi 100. Alipiga picha ya Andromeda kwenye bamba la glasi. Akaona vidoa vitatu ambavyo alidhani ni nova, yaani nyota zinazolipuka na kufifia, akaviwekea alama ya N kwa wino, moja moja. Baadaye akalilinganisha bamba hilo na mabamba ya siku nyingine. Kidoa kimoja kilikataa kuwa nova. Kilikuwa kinang'aa, kinafifia, kinang'aa tena, kwa mzunguko wa takriban siku 31. Hubble akaikata ile N, akaandika pembeni VAR, kwa maana ya nyota inayobadilika, na akaweka alama ya mshangao.

Alama hiyo ya mshangao iliubadilisha ulimwengu. Mwaka 1912 Henrietta Leavitt alikuwa amechapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba nyota za aina hiyo zinaweza kutumika kama futi ya kupimia umbali: ukijua zinachukua siku ngapi kung'aa na kufifia, unajua zina nguvu kiasi gani, na kutokana na hapo unajua ziko mbali kiasi gani. Hubble akapiga hesabu, akakuta Andromeda iko mbali mno kuwa sehemu ya galaksi yetu. Umbali alioupata ulikuwa mfupi kuliko tunaoujua leo, lakini hoja ilisimama. Lile wingu dogo la al-Sufi lilikuwa galaksi nyingine nzima.

Ziweke sasa kazi hizi mbili meza moja. Zote ni za Andromeda. Zote zimetoka kwenye usiku mwingi. Lakini zimeutumia usiku huo kwa njia zinazopingana. Hubble alilinganisha, Sainty na wenzake walijumlisha. Anayelinganisha anatafuta kilichobadilika. Anayejumlisha anatafuta kilichobaki.

Na kujumlisha kuna gharama yake. Programu inayopandanisha picha hufanya kitu kama kura. Kwa kila nukta ya picha inauliza usiku wote: wewe uliona nini? Mmoja akitoa jibu lililo mbali sana na majibu ya wenzake, jibu lake linatupwa. Ndivyo setilaiti zinavyofutika. Kwenye picha zangu ndivyo zilivyofutika ndege zinazoelekea JKIA, popo mmoja, na usiku wa sita kimondo kilichopita katikati kabisa ya fremu, kizuri ajabu, ambacho nilikishuhudia kwa macho yangu mawili na nikapiga kelele peke yangu juu ya paa. Kwenye picha ya mwisho hakipo. Kilionekana mara moja tu, kikapoteza kura. Hata ile nyota ya Hubble, mabamba yake yangejumlishwa, ingetoka kama nyota ya kawaida tu isiyo na habari.

Kwa hiyo Andromeda, Unexpected inasema kweli, lakini ni kweli ya aina moja: kweli ya kinachokaa. Kinachopita haikijui. Na kinachonikera ni kwamba ndani ya fremu yenyewe hakuna dalili ya hili. Imesawazishwa, imeng'arishwa, haina mshono. Ukiitazama bila maelezo ungedhani mtu alisimama mahali, akaangalia juu, akabofya. Zaidi ya usiku 20 umefanywa uonekane kama sekunde. Picha isiyo na lini imevaa nguo za picha yenye lini.

Bamba la Hubble halifanyi hivyo. Lina kosa lake usoni. Ile N iliyokatwa bado iko pale, na ndiyo inayoniambia kwamba binadamu alirudi, akaangalia tena, akajisahihisha. Kwa uzuri wa macho, picha ya 2022 inalishinda bamba hilo vibaya sana. Kwa heshima kwa mtazamaji, nampa Hubble. Ningetamani washindi wa tuzo hizi wajifunze kuacha angalau mkwaruzo mmoja wa kazi yao uonekane.

Lakini nani ameniteua kuwa hakimu? Ngoja nieleze jambo nililolifanya.

Picha yangu ya usiku tisa ilitoka vizuri, ila si vizuri sana. Mabawa ya nebula yalionekana, hata rangi ilikuwepo. Pale katikati palipong'aa zaidi palikuwa doa jeupe lililovimba, kwa sababu lenzi yangu haiwezi kupenyeza pale. Nilikuwa nimechoka. Nilikuwa nimelala saa nne kwa siku wiki nzima na bosi ameanza kunitazama vibaya. Nikaipitisha picha kwenye programu moja ya akili mnemba inayoahidi kunoa picha na kuondoa chengachenga. Dakika mbili. Lile doa likafunguka, na ndani yake zikatokea nyota tano ndogo, safi, zimekaa duara kama mkufu. Niliona machozi yakinilenga. Niliipandisha mtandaoni usiku huo huo nikaandika: usiku tisa, paa moja, Nairobi. Watu wakaipenda. Watu wengi kuliko waliowahi kupenda kitu chochote nilichofanya.

Siku mbili baadaye rafiki yangu anayesoma fizikia chuoni alinipigia simu. Hakunisalimu.

"Pale katikati ya Orioni, zile nyota angavu ni nne," akasema. "Zimekaa pembe nne, kama meza iliyopinda. Zako ni tano na ziko duara. Umezitoa wapi?"

Nikanyamaza.

"Buda, umezitoa wapi?"

Sikuwa nimezitoa popote. Hazikutoka kwenye usiku wowote kati ya ule tisa. Programu ilikuwa imeona picha nyingi za nyota katika maisha yake, ikakisia kwamba mahali kama pale hukaa nyota kama zile, ikazichora. Kwa maneno mengine, nilikaa usiku tisa kwenye baridi nikikusanya ushahidi, halafu nikamwita mtu ambaye hakuwepo aje atoe ushahidi mahali pangu. Na nyota hizo za uongo ndizo zilizopendwa zaidi.

Tangu siku hiyo najua mstari wangu uko wapi. Haupiti kati ya picha iliyopikwa na isiyopikwa, wala kati ya picha ya sekunde moja na ya usiku 20. Kuna kipimo rahisi ambacho ningeweza kukifanya na sikukifanya. Gawanya usiku wako mafungu mawili. Tengeneza picha ya fungu la kwanza peke yake, kisha ya fungu la pili peke yake. Kitu cha kweli kitakuwepo kwenye zote mbili, hata kama ni hafifu. Kitu kilichozuka kwenye moja tu, kishuku. Na kisichokuwepo kwenye yoyote, wewe ndiye uliyekileta. Mkufu wangu haukuwa kwenye fungu lolote.

Kwa kipimo hicho Andromeda, Unexpected inasimama wima. Tao lile lilitafutwa tena kwa darubini nyingine, za watu wengine, nalo likapatikana. Ndipo likaandikwa kwenye jarida la kisayansi na kupewa jina linalobeba herufi za majina ya watu wale watatu. Kwangu mimi hiki ndicho kiini cha uzuri wa kazi yao, kuliko rangi zake. Walitoa picha ambayo mtu mwingine yeyote, akiwa na subira ya kutosha, anaweza kwenda kuikagua. Siku hizi ukituma picha ya jambo zito kwenye grupu, jibu la kwanza ni "hiyo ni AI". Wakati mwingine ni kweli, wakati mwingine ni njia tu ya mtu kukwepa kuona asichotaka kuona. Picha inayokuambia nenda kaangalie mwenyewe iko pale pale, kesho pia itakuwepo, ni kitu adimu, na sidhani tumekizungumzia vya kutosha.

Sisemi kila mtu anaweza kwenda. Darubini ya milimita 106 ya aina ile na kamera yake ni pesa za kununua gari, na anga jeusi nalo limekuwa mali ya wenye nafasi. Andromeda inaonekana vizuri kutoka Kenya upande wa kaskazini, ila wakati wake wa kuwa juu jioni ni Oktoba hadi Desemba, katikati ya mvua za vuli. Ile Nebula ya Carina upande wa kusini, ambayo huko Ulaya hawaioni kabisa na wangeilipia nauli, hupanda juu jioni za Aprili, masika yakiwa yamekolea. Na taa za mji zinakula kinachobaki. Usiku mmoja kati ya ule tisa stima ilipotea mtaa mzima kwa dakika 40 hivi. Watu walilalamika kwenye balkoni. Mimi nilipata picha zangu bora zaidi.

Lakini wazo lenyewe si la kigeni, na hapa ndipo ninapotofautiana na wanaodhani kazi hii ni ya wazungu wenye vifaa. Kiswahili kina jina la kundi lile dogo la nyota linalokaa karibu na Orioni: Kilimia, kutokana na kulima. Wazee wa pwani wana msemo kwamba Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Hebu fikiria msemo huo ulihitaji nini. Hakuna mtu anayeweza kuujua kwa kuangalia juu usiku mmoja, wala mwaka mmoja. Kuna watu waliotoka nje, wakatazama mahali pale pale, wakarudi, wakatazama tena, wakakumbuka, wakalinganisha na shamba, wakawaambia watoto, na watoto nao wakatoka nje. Waliojumlisha na waliolinganisha walikuwa wale wale. Na mtu yeyote angeweza kuukagua msemo huo kwa kungoja tu.

Picha ya mkufu niliiondoa. Nikaweka nyingine, ile ya doa jeupe lililovimba, na chini yake nikaandika tarehe zote tisa, idadi ya picha, nilichoongeza na nilichotoa. Pembeni yake nikaweka picha moja ya sekunde moja na nusu kama ilivyotoka kwenye kamera, imejaa chengachenga, na nyingine ya sekunde moja na nusu ya usiku wa sita, ile yenye kimondo. Haikupendwa sana. Rafiki yangu wa fizikia alituma neno moja, "Poa."

Kisha nikachapisha zote tatu kwenye karatasi nikampelekea keateka, kwa sababu nilikuwa na deni la jibu. Alizitandaza juu ya daftari lake la kodi. Nikamwonyesha: hii ni ya mara moja, hii nyingine ni zote pamoja. Aliangalia ya mara moja, akaangalia ya zote, akarudi kwa ya mara moja. Akaweka kidole juu ya kimondo kwenye ile ya tatu.

"Na hii laini?"

"Hiyo ilipita tu, mzee. Mara moja."

"Lakini uliiona."

"Niliiona."

Akatikisa kichwa, akaikunja hiyo ya kimondo akaitia mfukoni bila kuniomba. Kisha akachukua ufunguo wa paa kutoka kwenye msumari wake.

"Leo pia?"

"Leo pia."

Alichungulia nje ya dirisha, upande wa Ngong, ambako mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika. "Leo hupati kitu," akasema, lakini ufunguo akanipa.